Samaki Wanaopanda Kuvuta Hewa

Mwanangu Mwadi,

Zamani, tulipokuwa tukiandikiana barua, kila mtu alianza hivi: mimi huku ni mzima, hofu ni kwako. Tuliandika hayo bila kuyafikiri, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo mlango wake uko wazi. Leo nimeshika kalamu na sijui pa kuanzia pengine, maana hofu ni kwako kweli, na wewe hata hujaondoka. Umeenda kusukwa nywele za safari. Jua bado liko juu. Mama yako yuko uani anapakia unga, utafikiri watu wa huko Tenke unakoenda kazini hawajawahi kuona bukari, huu ugali wetu.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula mapema na kuchagua marafiki. Hayo mama yako amekuimbia wiki nzima na wewe umeitikia kila ubeti. Mimi nina jambo moja tu.

Leo mchana nilichukua mkoba wako nitengeneze zipu, ile inayokwama. Katika mfuko wa pembeni nikakuta kichupa cha buluu, kile cha kuvuta mdomoni, dawa ya watu wa pumu. Nilikitikisa. Kilikuwa kimebaki kidogo sana. Nikatoka nacho uani.

"Mama Mwadi, hii dawa iko ya nani?"

Mama yako hakuinua kichwa. "Iko ya mutoto yako."

"Tangu siku gani?"

"Tangu mwaka yenye ilipita. Ku hospitali balimuambia eko na pumu. Alinikataza kukuambia."

"Juu ya nini?"

Hapo akaacha kufunga mfuko wa unga akaniangalia. "Alisema: 'Mama, usimuambie tata. Tata atasema njo vile vumbi ya Kolwezi iko.'"

Nilirudi ndani nikakaa mbele ya akwariumu. Maneno hayo ni yangu. Njo vile iko, ndivyo ilivyo. Nimeyasema maisha yangu yote, na kila nilipoyasema nilijiona mtu mzima mwenye uzoefu. Ngoja nikuambie yalianzia wapi, maana hujui, na usiyojua nilikuficha mimi.

Kuhusu baba yako mdogo Kasongo, tumekuambia siku zote kwamba shimo lilimwangukia. Shimo halikuanguka, Mwadi. Wakati ule nilikuwa nachimba madini pembeni mwa mji, na Kasongo alikuwa amenifuata akiwa na nguvu zote na ujuzi mdogo. Siku moja alipanda juu kabla ya saa yake, akakaa kwenye rundo la udongo, kichwa mikononi. Akaniambia, kwa lile jina letu la kaka mkubwa, "Yaya, mupepo ya mu shimo iko muzito. Kichwa inaniluma. Miguu haina tena nguvu."

Nikamjibu, "Njo vile mashimo iko. Utazoea."

Wenzetu wakacheka, naye akaona haya. Mtu mzima wa miaka ishirini na mbili hapendi kuchekwa. Akafunga tochi yake kichwani akashuka tena. Tulipomtoa hakuwa na jeraha hata moja, hata mkwaruzo, na watu walisimama wakisubiri aamke.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata mama yako halijui. Siku ile mimi pia kichwa kilikuwa kinaniuma. Kiliniuma tangu asubuhi. Nilijua hewa ni mbaya. Lakini kama ningemwambia ndugu yangu, kweli, hewa ni mbaya, basi ningelazimika kuwaambia wote watoke, na ningelazimika kukubali kwamba ninaogopa. Nilikuwa mkubwa wao. Nilipendelea kumwita yeye mwoga.

Baada ya mazishi niliacha kuchimba. Ndipo nikapata kazi ya kutunza bustani kwa yule mhandisi mgeni, na huko ndiko nilikokutana na hawa samaki. Wewe unawajua kuliko mtu yeyote Kolwezi: wadogo kama kidole gumba, miili imefunikwa mabamba yaliyopangwa kama mabati ya nyumba, sharubu mbili-tatu kila upande, na kazi yao ni kutembea chini wakichokora mchanga. Mhandisi alisema wanatoka mito ya mbali, ng'ambo ya bahari. Mimi nilimshangaa mtu anayesafirisha samaki asiyeweza kuliwa. Lakini aliponifundisha kuwatunza, nilipata kitu ambacho sikuwa nacho tangu Kasongo afe, yaani kazi isiyomshusha mtu popote.

Alikuwa na maneno machache, yule mzungu, na yote alinisisitizia. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuwapa. Kila wiki badilisha robo, usibadilishe yote. Mchanga uwe laini, maana kokoto kali zinakata sharubu zao, na wakikosa sharubu hawapati chakula. Wasipungue sita, kwa sababu akiwa peke yake anajificha tu mpaka anakonda. Na akaniambia hivi: mara mojamoja utamwona mmoja anakimbia mpaka juu, anameza hewa, anarudi chini. Usishtuke, wameumbwa hivyo.

Hilo la mwisho nililishika kuliko yote.

Mkataba wake ulipokwisha aliniachia akwariumu, pampu yake ndogo ya hewa na samaki sita. Tuliileta nyumbani kwa mkokoteni, nusu ya maji ikimwagika barabarani, na watu wakituuliza kama tunaenda kuwapika. Wewe ulikuwa na miaka minane. Uliwatazama wakifanya doria pale chini, wote pamoja, na makoti yao ya chuma, wakiokota kila kinachoanguka, ukasema, "Tata, aba ni bapolisi." Tulicheka mpaka mama yako akatuambia tupunguze sauti, jirani yetu alikuwa polisi. Jina likabaki. Umeme ulipokatika na pampu ikanyamaza, wewe ndiye uliyesimama kwenye kigoda na kikombe, unateka maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, teka, mwaga, teka, mwaga, mpaka mkono ukuchoke ubadilishe wa pili.

Na unakumbuka ule wavu? Nilimkamata mmoja nimhamishe, akaogopa, akatoa miiba ya mapezi yake, ikanasa kwenye nyuzi. Mimi nikaanza kuvuta. Wewe ukakimbia ukaleta mkasi ukakata wavu wangu mpya bila kuniuliza. Nilikugombeza. Samaki aliogelea akaondoka mzima, na mimi nikaendelea kukugombeza kuhusu wavu.

Sasa niandike habari ya mawe.

Nilikuwa na mawe matatu niliyoyahifadhi tangu siku za kuchimba, yale ya kijani yenye mistari kama mbao iliyopigwa randa. Nilikuwa nayo kwenye kopo kwa sababu moja lilitoka mikononi mwa Kasongo. Nikaona bapolisi wanakaa kwenye mchanga mtupu, kama wako gerezani. Nikayaosha mawe, nikayapanga ndani. Yalipendeza, Mwadi, usikatae. Watu walikuja kutazama. Kila Jumamosi niliyatoa nikayasugua kwa limau mpaka yang'ae, nikayarudisha. Na maji yalikuwa safi kabisa, unaweza kusoma gazeti upande wa pili.

Kwenye karatasi ya maelekezo aliyoniachia mhandisi iliandikwa kwamba nisitie chuma chochote majini. Sikutia. Sikuweka hata msumari.

Baada ya siku kadhaa ulikuja, ukiwa na sare ya shule, begi mgongoni.

"Tata, polisi moja anapanda sana juu."

"Anakamata hewa. Beko vile."

Kesho yake ukarudi. "Tata, sasa ni bote. Banapanda, banashuka, banapanda. Mbele, siku zenye zilipita, hawakuwa vile."

"Nimekuambia, beko vile. Ule muzungu alinielezea."

Siku ya tatu ulikuja na daftari. Ulikuwa umechora mistari midogo, mstari mmoja kwa kila safari ya samaki kwenda juu, tangu ulipoamka hadi ulipovaa viatu. Ukurasa ulijaa. Ukaniinulia nione. Nami, mtu niliyemzika ndugu yangu, niliangalia ukurasa ule na nikakuambia kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia:

"Weye mutoto, unataka kunifundisha samaki?"

Ulifunga daftari. Hukulia. Ulienda shule, na jioni uliporudi ulikaa na mgongo wako umeelekea akwariumu. Wazee tunapenda kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimetafuta methali ya mkuu asiyesikia la mtoto, ili nijipige nayo, na sikuipata. Nadhani wakuu ndio waliozitunga.

Wa kwanza nilimkuta amelala ubavu asubuhi, mdomo wazi. Kisha wa pili na wa tatu. Nilibadilisha chakula. Nilibadilisha sifongo ya pampu. Nilisugua mawe zaidi, ili maji yazidi kuwa mazuri. Alipokufa wa nne alipita Tata Rajabu, yule mwenye lori ambaye wazazi wake walitoka Maniema, aliyekuwa akituletea chakula cha samaki kutoka Lubumbashi. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akainama, akatazama maji kwa muda mrefu.

"Ndugu yangu," akasema, "hii jiwe ukiipelekaka ku depo, banainunuaka juu ya nini?"

"Juu ya shaba, si unajua."

"Mi najua. Sasa bale samaki banakunywa nini?"

Mwadi, nilichimba jiwe hilo miaka mingi. Nimelipiga nyundo, nimelibeba mgongoni, nimegombania gunia lake na wanaume wenye nguvu kuliko mimi. Mtu yeyote angeniamsha usingizini akaniuliza shaba ni nini, ningemwonyesha jiwe la kijani. Na ndani ya nyumba yangu nikalitia majini, nikalipaka limau ili litoe sumu yake vizuri, nikaliita pambo. Samaki hawa, pamoja na makoti yao, shaba kidogo tu inawamaliza. Walikuwa wanapanda juu kwa sababu hawakuweza tena kupumua chini. Wewe ulikuwa umewaona, umewahesabu, umeniandikia. Niliyatoa mawe, nikabadilisha maji kidogo kidogo kwa siku nyingi, wawili wakapona. Hawa wanaozunguka mbele yangu sasa ninapoandika ni wengine waliokuja baadaye.

Kisha nikafanya baya zaidi. Ulipouliza wale wanne waliuawa na nini, nilikuambia walikuwa wazee. Uliniangalia. Ukasema, "Ndiyo, tata."

Tangu siku ile umeniambia "Ndiyo, tata" mara nyingi sana, na mimi nikajisifu kwa jirani kwamba nina binti mwenye adabu. Ulipofeli ule mwaka wa tatu, nilisikia kwa watu. Ulipoibiwa simu sokoni, nilisikia baada ya miezi miwili. Na mwezi huu wa kiangazi, malori yalipokuwa yanapita kuelekea mgodi wa Mashamba na vumbi jekundu limefunika hata majani ya mihogo, nilikuona unafagia uwanja, ukaacha ufagio, ukainama, mkono kwenye goti, mdomo wazi. Nilikuona kabisa. Nikakuambia, "Leo vumbi iko mingi, eh?" Ukasema, "Ndiyo, tata." Nikaingia ndani kunywa chai yangu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tunavyosema. Lakini hatuulizi anamficha nani, na nani alimfundisha kuficha.

Kesho unaenda kazini. Najua ni kazi gani, umenieleza kwa furaha na mimi nimetikisa kichwa kama mtu anayefurahi. Utapokea mawe kutoka mashimoni, utayasaga yawe unga, utayapima, utayatia tindikali. Unga na moshi, mama. Kifua chako na unga na moshi. Nimeisoma karatasi ya daktari wa kazi, imeandikwa kwamba kifua chako hakina tatizo. Daktari aliandika alichoambiwa. Simlaumu yeye, na wewe sikulaumu. Ajira hazipatikani, na ulijua ukitaja pumu wangemwita anayefuata kwenye mstari.

Ninaogopa, Mwadi. Nimeandika sentensi hiyo na nimeiangalia, sijawahi kuiandika wala kuisema mbele yako. Ninaogopa simu ya mtu nisiyemjua. Ninaogopa nikiwaza umesimama kwenye chumba chenye moshi, kifua kimeanza kubana, msimamizi anakuambia utazoea, nawe unaona haya, unarudi mezani. Namwona Kasongo anafunga tochi yake kichwani. Naogopa kwamba sauti itakayokurudisha mezani siyo ya msimamizi, ni yangu, kwa sababu ulianza kuisikia ukiwa na miaka minane.

Nikuambie nilichofanya leo, kabla sijaanza kuandika. Nilichukua bahasha yako ya kazi, ile yenye barua na picha, nikaificha ndani ya kabati la akwariumu, nyuma ya ndoo. Nilihesabu kwamba ungeitafuta mpaka basi liondoke, na mwajiri asingekusubiri. Nilikaa hapo kama robo saa hivi nikijiambia ni upendo. Halafu nikaona ninafanya kilekile, najua hewa ni mbaya na badala ya kusema najifanya sijui. Nimeirudisha mkobani. Iko chini ya blauzi ya njano. Ukikuta kona yake imelowa, ni maji ya ndoo.

Sikukatazi kwenda. Natamani kukukataza, kila mfupa wangu unataka, lakini una miaka ishirini na kazi hii umeitafuta mwenyewe, na baba aliyeziba masikio miaka kumi na miwili hawezi kuamka siku ya mwisho akadai kusikilizwa. Ninachoweza ni kukuambia ninachokijua kwa gharama yangu. Ukisikia kifua, toka. Toka kwanza, maelezo yatafuata ukiwa nje. Usimsubiri mtu mzima akubali kwamba anaona unachoona, mara nyingi anaona, kichwa kinamuuma pia. Anayekuambia "njo vile iko" muulize imekuwa vile tangu lini na nani alikufa kabla hajazoea. Wakikufukuza kwa sababu ulisema una pumu, rudi nyumbani, sitakuuliza kwa nini. Chumba chako hakitapangishwa. Mama yako ataniua nikijaribu.

Na kuna daktari wa mapafu hapa hapa mjini, mwuza dawa amenionyesha jengo. Nilienda mbio nilipomaliza kurudisha bahasha. Kichupa cha pili nimekinunua, kiko juu ya meza karibu nami. Daktari huyo anapokea watu kesho asubuhi, na mabasi ya Tenke yapo pia keshokutwa, huenda ukiwaomba wakakupa siku moja. Hilo ni lako kuamua, lakini ujue lipo.

Nilikusudia kuikunja barua hii niitie chini kabisa ya nguo zako, uikute ukiwa umeshafika. Nilijiona mwerevu. Sasa nimefika mwisho wa karatasi ya tatu na ninaelewa kwa nini nilitaka hivyo: uisome mahali nisipouona uso wako, nawe usiweze kunijibu. Mtu anayeandika barua ni mtu anayezungumza peke yake, na mimi nimezungumza peke yangu vya kutosha katika nyumba hii.

Nasikia sauti yako langoni, unamwonyesha mama yako nywele. Nitakupa mkononi. Keti kwenye kiti hiki, soma yote, usirukeruke. Ukimaliza usiniambie ndiyo, tata. Niambie kifua kilianza lini, kinabana saa ngapi, unaogopa nini. Anzia mwanzo, hata kama ni mrefu. Nitanyamaza mpaka umalize.

Tata yako